Kaa wengi, kazi kidogo: namna ya kulisoma tope la mikokoni

Mikindani, upande wa bara wa Mombasa, kuna hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, lenye mikoko ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipokea majitaka ya makazi yaliyo jirani. Maji yakijaa, bahari huyabeba na kuyatandaza msituni. Yakipwa, sehemu yake hubaki kwenye tope. Kiasi cha kilomita 50 kusini iko Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kwale, ambako hakuna mji mkubwa wa kuichafua ghuba. Mwulize mtu yeyote ni wapi kati ya hapo pawili atakuta kaa wengi zaidi, atakujibu Gazi bila kusita.

Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Stefano Cannicci wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, lilichapisha hesabu zake. Walikuwa wamelinganisha mikoko inayopokea majitaka na isiyopokea, Kenya na Msumbiji. Kaa hawakuwa wamepungua penye uchafu. Uzito wao kwa jumla ulikuwa umeongezeka. Aliyekosekana ni mwingine: tondo, yule konokono mkubwa mweusi wa mikokoni mwenye gamba refu lililosokotwa kama parafujo, anayepita urefu wa sentimita 10 akikomaa. Huyo alikuwa amepungua mno au ametoweka kabisa.

Mtu akiyasoma matokeo hayo harakaharaka anaweza kudhani kuwa majitaka ni mbolea tu, na kwamba mikoko yetu inaweza kuyameza bila madhara. Ili kuona kosa liko wapi inabidi tushuke chini ya ngozi ya tope, tujue nani anaishi humo, anakula nini, na kazi yake inamfaa nani.

Kata kipande cha tope la mikokoni kwa kisu kirefu ukitazame kwa ubavu. Juu kabisa kuna utando wa rangi ya kahawia, mara nyingi unene wake ni milimita chache tu. Chini yake tope linakuwa la kijivu, kisha jeusi, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ya yai viza ambayo kila aliyewahi kuzama mguu mikokoni anaijua. Mpaka kati ya rangi ya kahawia na weusi ndio mpaka wa oksijeni. Oksijeni hupenya ndani ya maji polepole sana, kiasi cha mara 10,000 polepole kuliko hewani, na tope ni chembe ndogondogo zilizobanana zenye maji yasiyotembea katikati yake. Juu ya hayo, tope limejaa majani yanayooza, na bakteria wanaoyaozesha huimaliza oksijeni hiyo kabla haijafika mbali. Chini ya hapo wanafanya kazi bakteria wa aina nyingine, ambao badala ya oksijeni hutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari. Wanachokitema ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu kwa wanyama na kwa mizizi pia. Ikikutana na chuma kilichomo kwenye tope, ndipo ule weusi unapotokea.

Kwa hiyo mnyama anayeamua kuishi humo amejenga nyumba ndani ya mahali pasipo na hewa. Namna pekee ya kuishi ni kuivuta hewa imfuate nyumbani kwake. Kaa huchimba shimo, na maji yakipwa hewa huingia. Yakijaa, maji mapya huingia na kutoka. Mnyoo wa baharini hukaa ndani ya mrija wake akijipinda na kujinyoosha kama pampu, akipitisha maji mapya mbele ya matamvua yake. Ukilikata tope lenye mashimo mengi utaona kila shimo limezungukwa na pete ya rangi ya kahawia katikati ya weusi. Ukizijumlisha kuta za mashimo yote hayo, sehemu ya tope inayogusana na oksijeni inakuwa kubwa kuliko inavyoonekana kwa juu.

Pete hiyo ya kahawia ina maana kubwa kwa mti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Thomas J. Smith na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio katika mikoko ya kaskazini mwa Australia: waliwaondoa kaa katika vipande vya msitu, wakaendelea kuwaondoa. Salfaidi na amonia zikaongezeka kwenye udongo. Miti ikakua polepole zaidi na ikazaa machipukizi machache kuliko pale kaa walipoachwa. Hakuna aliyeigusa miti yenyewe. Mimi huliona jaribio hili kuwa mojawapo ya majaribio mazuri kabisa katika elimu ya pwani, kwa sababu lilithibitisha kwa mkono kitu ambacho kabla ya hapo kilikuwa kikisemwa kwa kukisia.

Kaa na konokono ni wale tunaowaona. Wengi wa wakazi wa tope hatuwaoni. Desturi ya watafiti ni kulipitisha tope kwenye chekeche la matundu ya nusu milimita au milimita moja, na kinachobaki juu ndicho wanachokiita wanyama wakubwa wa sakafuni: minyoo, kome, konokono wadogo, kamba wachanga, kaa. Kinachopita chini hakimaanishi udongo mtupu. Humo wamo nematodi, yaani minyoo wembamba kama uzi wa buibui, na kopepodi, jamaa wadogo wa kamba. Katika eneo la tope linaloenea kwenye kiganja cha mkono wanaweza kuwamo kwa maelfu. Emil Ólafsson aliwachunguza wanyama hao katika mikoko ya Zanzibar na kuchapisha matokeo yake mwaka 1995. Wadogo hawa hulisha samaki wachanga wanaokimbilia mikokoni, nao wenyewe hula bakteria na mimea ya chembe moja inayotanda juu ya tope kama vumbi la dhahabu wakati wa maji kupwa.

Sasa, kwa nini mahali fulani pana kome na kombe wengi, na hatua 100 mbele hakuna hata mmoja, bali minyoo tu? Jibu la kwanza ni namna ya kula. Wako wanaochuja: kome, kombe na chaza hunyonya maji, hushika chembe za chakula, hutema maji safi. Wako wanaokula tope lenyewe: hulimeza au hulitafuna, hutoa kilicho na uhai ndani yake, na mabaki huyaacha kama vijidonge au vijitambi. Anayechuja anahitaji maji yanayotembea, na asipendelee maji ya matope maana yanamziba. Anayekula tope anahitaji mahali palipotulia ambapo chembe laini zinatua. Mwaka 1970 Donald Rhoads na David Young walionyesha jambo jingine katika Buzzards Bay, Marekani: wanaokula tope wanapokuwa wengi, huligeuza na kulilegeza tope hadi mkondo mdogo tu unalitimua. Maji ya karibu na sakafu yanabaki na vumbi, na viluwiluwi vya wanyama wanaochuja vikitua hapo vinazikwa au vinazibwa. Kwa maneno mengine, kundi moja huwafukuza wengine bila kuwagusa, kwa namna linavyoitengeneza sakafu tu.

Jibu la pili ni chumvi. Bahari ya wazi ina kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Mdomoni mwa Rufiji wakati wa masika, maji ya juu yanaweza kuwa karibu ya kunyweka, na miezi michache baadaye, kiangazi kikishika na mto ukipungua, bahari inapanda tena. Mwili laini ukiwekwa kwenye maji yasiyo na chumvi hunyonya maji na kuvimba. Wachache wanaweza kulihimili hilo kila siku. Mjerumani Adolf Remane aliona mwaka 1934, katika Bahari ya Baltiki, kwamba aina za wanyama hupungua kuliko mahali popote si penye maji baridi kabisa, ila penye chumvi ya gramu 5 hadi 8 hivi: wa baharini wamechoka, wa mtoni hawajathubutu.

Hapa tope lina fadhila ambayo watu wengi hawaijui. Maji yaliyomo katikati ya chembe za tope hayabadiliki haraka kama maji yanayopita juu yake. Katika maingilio ya mto Pocasset huko Massachusetts, Howard Sanders na wenzake waliandika mwaka 1965 kwamba chumvi ya maji ya juu ilikuwa ikipanda na kushuka kwa kila maji kujaa na kupwa, huku ya ndani ya tope ikibaki karibu palepale. Ndiyo maana wanaojichimbia walikuwa wamepanda mto hadi mbali kuliko wanaoishi juu ya tope. Mtu akichimba shimo hupata kivuli. Mnyoo akichimba hupata kivuli, unyevu, maficho na chumvi isiyoyumba.

Na tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu si ndogo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, katika pwani ya Mombasa na Zanzibar, inafikia karibu mita 4. Ndani ya saa sita mnyama anatoka kwenye kina cha bahari hadi juani. Kila mmoja ana hila yake. Ninayempenda kuliko wote ni konokono mdogo wa Mida Creek, karibu na Watamu, anayejulikana kwa jina la kisayansi Cerithidea decollata. Maji yakipwa huteremka kutoka kwenye mashina ya michu, aina mojawapo ya mikoko, na kula juu ya tope. Kabla maji hayajarudi, yeye tayari ameanza kupanda. Watafiti waliomfuatilia miaka mingi wakiongozwa na Marco Vannini waligundua kwamba siku za bamvua hupanda juu zaidi kuliko siku za maji mafu, yanapojaa kidogo. Hangoji kulowa ndipo ajue. Amebeba kalenda ya mwezi na bahari ndani ya mwili ulio mdogo kuliko kidole gumba.

Turudi kwenye jani, kwa sababu jani ndilo litakalotufikisha kwenye lile fumbo la Mikindani.

Jani la mkoko likianguka lina njia tatu. Linaweza kubebwa na maji hadi baharini, linaweza kuoza palepale, au linaweza kuliwa. Katika misitu ya Afrika Mashariki njia ya tatu ina nguvu sana. Kaa wa jamii ya Neosarmatium hutoka mashimoni, hulishika jani kwa gando na kuliburuta ndani. Mahali walipo wengi, sakafu ya msitu husafishika kana kwamba imefagiwa. Jani hilo ni chakula duni, lina tanini nyingi na nitrojeni kidogo, na kaa huchanganya mlo wake kwa kuokota chembe zenye lishe juu ya tope. Lakini kwa kulichanachana jani na kulizika, kaa amelibakiza msituni. Kaboni yake imeingia ardhini badala ya kwenda na maji, na kinyesi chake ni chakula cha bakteria na cha wale nematodi tuliowaona.

Tondo naye ni mla majani, na hapo ndipo alipo wa ajabu. Akiwa mchanga hula chembechembe za juu ya tope. Akikua, meno ya ulimi wake hubadilika na kuanza kula majani yaliyoanguka, hata wadogo na wakubwa wakawa hawagombanii chakula. Sara Fratini na wenzake, waliofanya kazi yao Kenya, walionyesha kwamba tondo hunusa: jani likianguka na mmoja akaanza kulila, wengine huelekea hapo kwa kufuata harufu, na baada ya muda utakuta kundi zima limelizunguka jani moja. Kaa hufanya kazi maji yakipwa, na wengi wao hurudi mashimoni maji yakija. Tondo anaendelea kula hata akiwa amefunikwa na maji. Zamu moja ikiisha, nyingine inaanza.

Sasa tazama Mikindani tena. Kaa walioongezeka ni hasa wale wadogo wanaokula utando wa juu ya tope, wakiwemo wale ambao dume ana gando moja kubwa kupita kiasi analolipungia majike. Chakula chao ni bakteria na mimea ya chembe moja, na majitaka huvistawisha vyote viwili. Wamealikwa karamuni. Lakini karamu ina gharama. Fabrizio Bartolini na wenzake, katika jaribio walilofanya kwenye mikoko ya Jangwani, pwani ya Dar es Salaam, waliliweka tope na kaa wake ndani ya vizimba, baadhi vikipokea majitaka na vingine maji ya bahari ya kawaida. Waliyochapisha mwaka 2011 yanafumbua fumbo lote: kaa wa vizimba vyenye majitaka walishiba haraka, wakatumia muda mfupi kula, na kiasi cha tope walilolipitisha mdomoni kikawa kidogo zaidi.

Kaa wa aina hii huchota tope, hulipepeta mdomoni, hubakiza chakula na kuliangusha lililobaki kama kijidonge. Anapofanya hivyo maelfu ya mara kwa siku, utando wa juu unageuzwa na kupewa hewa. Akishiba baada ya matonge machache, tope la chini linabaki bila kuguswa. Kwa hiyo penye majitaka kila kaa anafanya kazi pungufu, wakati ambapo kuna uozo mwingi zaidi unaohitaji oksijeni. Mtu akipita juu ya daraja na kuwatazama kaa wakipunga magando kwa mamia atasema pako salama. Uharibifu upo, umejificha nyuma ya wingi wao.

Mkanganyiko huu si wa mikoko peke yake. Mwaka 1978 Tom Pearson na Rutger Rosenberg, kwa kuangalia ghuba za Scotland na Sweden zilizokuwa zikipokea takataka za viwanda vya karatasi, waliandika mfuatano ambao hadi leo unafundishwa kila mahali. Mbali na uchafu kuna aina nyingi, wakiwemo wakubwa wenye umri mrefu wanaochimba kwenda chini. Ukikaribia, wakubwa wanaondoka, tabaka jeusi linapanda juu, na wanabaki wadogo wanaoishi kwenye sentimita za juu tu. Karibu zaidi kuna mahali ambapo idadi inaruka ghafla: mnyoo mdogo mwekundu Capitella na jamaa zake wachache wanajazana kwa makumi ya maelfu katika mita moja ya mraba, maana wanazaa haraka, chakula ni tele na washindani wamekufa. Hatua chache mbele hakuna kitu chochote. Kilele cha idadi kiko mlangoni mwa kifo. Anayehesabu vichwa bila kuuliza ni vichwa vya nani atakipa cheti mahali ambapo pamebakisha hatua moja.

Wakati mwingine uharibifu huja bila kujificha. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha mashapo mengi kwenye hori la Mwache, magharibi mwa Mombasa, hata mizizi ya kupumulia ikafukiwa na sehemu kubwa ya mikoko ikafa. Wanyama wa sakafuni wana uwezo wa kupanda juu wakifukiwa kwa sentimita chache; wakifukiwa kwa kina kikubwa kwa siku moja, wengi hawana la kufanya, na aliyeishi ameshikamana na jiwe au mzizi, kama chaza, hana hata pa kuanzia.

Kurudi kwao kunawezekana. Huko Gazi, Jared Bosire na wenzake walichunguza mahali palipopandwa mikoko upya baada ya kukatwa, wakapalinganisha na msitu wa asili na mahali palipoachwa tupu. Kaa walikuwa wamerudi palipopandwa kwa wingi uliokaribia au hata kuuzidi wa msitu wa asili, wakati palipoachwa tupu aina zilikuwa chache. Wanyama hawa hawapandwi. Viluwiluwi vyao huachiliwa baharini, huelea kwa siku au majuma, kisha hutafuta pa kutua. Wakikuta kivuli na majani, wanakaa. Ndiyo maana hori lililoharibika likiwa karibu na msitu mzima lina matumaini kuliko lililo peke yake: mbegu ya kaa husafiri na mkondo.

Nayasema haya nikiwafikiria hasa wanawake wanaoshuka pwani maji yakipwa, Chwaka na kwingineko, na ndoo na chuma cha kuchimbulia, kutafuta kombe, chaza na tondo kwa kitoweo cha siku. Wao huliona tope mara nyingi kuliko mtafiti yeyote. Mavuno yao nayo yana alama: gamba likiwa dogo kuliko la miaka iliyopita, maana yake wakubwa wanachukuliwa kabla hawajazaa vya kutosha. Kilimo cha mwani, kilichoingia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kimewapa wengi wao kipato chao wenyewe, na hilo ni jambo kubwa. Pia watafiti wameona kwamba chini ya mashamba ya mwani, ambako nyasi za bahari hufunikwa na kukanyagwa, wanyama wa sakafuni huwa wachache. Ni mvutano wa kweli. Kwa maoni yangu watu wa kuuamua ni wale wale wanaoishi kwa vyote viwili, wakishapewa taarifa yote.

Kama ukifika mikokoni bamvua ijayo, usianze kwa kuhesabu kaa. Chomeka kijiti uone weusi unaanzia wapi. Tafuta tondo, na ukiwapata tazama kama wadogo wapo pamoja na wakubwa, maana magamba makubwa matupu ni habari ya zamani. Kisha chuma jani moja la mkoko lililoiva, lile la manjano, uliweke juu ya tope, ukae kando bila kutikisika. Penye wafanyakazi wake wote halitangoja maji yajae.